USITUPE MBACHAO: MAISHA YA GUNPEI YOKOI

Likizo ya Agosti nilikaa kwa binamu yangu kule Kitengela. Ana kompyuta kuukuu, ile aina ambayo ukiiwasha unaweza kwenda kuteka maji na kurudi kabla haijaamka. Nikamcheka. Yeye akanyamaza tu, akafungua programu moja, na mara kioo kikageuka rangi ya kijani iliyopauka, vipande vya Tetris vikaanza kushuka. Jamani! Tuliitwa chakula mara tatu.

Programu hiyo huitwa emuleta. Kazi yake ni kuifanya kompyuta ijifanye mashine nyingine. Ni kama enkeshui, bao la Wamaasai: ucheze kwenye ubao uliochongwa au kwenye mashimo uliyochimba ardhini, mchezo ni ule ule, maana mchezo ni kanuni wala si ubao. Mashine iliyoigwa siku ile ilikuwa Game Boy. Nikataka kujua ni nani aliyeibuni, ndipo nikakutana na habari za bwana huyu.

Gunpei Yokoi alizaliwa tarehe 10 Septemba 1941 mjini Kyoto, Japani. Alisomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, na mwaka 1965 akaajiriwa na kampuni ya Nintendo. Msidhani alianzia juu! Siku hizo Nintendo ilikuwa ikitengeneza karata, na kazi ya Yokoi ilikuwa kutunza mitambo ya kiwandani. Alipokosa la kufanya, alijiundia mkono wa kuchezea unaorefuka na kufupika. Mkubwa wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akauona. Badala ya kumfukuza kazi, alimwagiza autengeneze uuzwe. Mwaka 1966 ukatoka kwa jina la Ultra Hand, na ukauzwa zaidi ya milioni moja. Basi fundi wa mitambo akawa mbunifu.

Siku moja ndani ya gari moshi, Yokoi alimwona abiria aliyechoshwa na safari akibonyezabonyeza kikokotoo. Wazo likamjia. Kioo na betri ndogo za kikokotoo zilikwisha kuwa rahisi. Kwa nini zisichezewe? Mwaka 1980 akatoa Game & Watch. Mwaka 1982 akaongeza kitufe chenye umbo la msalaba, ambacho mpaka leo kipo kwenye vidude vya kuchezea.

Imani yake ilikuwa hii: fundi si lazima akimbilie kilicho kipya. Achukue kilichozoeleka, kilicho rahisi na kisichosumbua, akitafutie kazi mpya. Sisi wa Kajiado tusione ajabu. Tairi likichakaa kwenye barabara ya Namanga, huzaliwa upya likiwa akala, na akala hukanyaga miiba ambayo kiatu cha dukani hakiithubutu.

Mwaka 1989 Game Boy ilitoka. Haikuwa na rangi, wala kioo chake hakikuwa na mwanga. Wapinzani wake, Lynx ya Atari na Game Gear ya Sega, walikuwa na vyote viwili, lakini walimeza betri sita kwa saa chache tu. Game Boy ilikula betri nne na kudumu zaidi ya saa kumi. Ikijumlishwa na ndugu yake ya rangi iliyofuata, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Lakini hakuna marefu yasiyo na ncha. Mwaka 1995 alitoa Virtual Boy, mashine ya kuchungulia machoni, yenye picha nyekundu tupu. Watu waliikataa, na haikumaliza mwaka mmoja sokoni kwao Japani. Mwaka 1996 aliiacha Nintendo baada ya miaka 31, akaanzisha kampuni yake ndogo, Koto. Tarehe 4 Oktoba 1997 gari alimokuwa liligonga jingine barabarani. Aliposhuka kutazama, akagongwa na gari lililokuwa likipita. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Amekufa, lakini mashine yake haikufa. Kwa kuwa ilikuwa nyepesi, hata kompyuta dhaifu ya binamu yangu huweza kuiiga. Ila tuwe waangalifu: emuleta si kosa, lakini kunakili mchezo wa mtu bila idhini yake ni kosa. Ipo michezo mipya ambayo watunzi huiandikia Game Boy hadi leo na kuigawa bure. Tuanze na hiyo.

Tena, wenzangu, kabla hatujazicheka kompyuta kuukuu na kuomba zitupwe, tujiulize Yokoi angezifanyia nini. Usitupe mbachao kwa msala upitao. Mimi nilicheka, na sasa nimeacha.