Mjalidi vitabu na sumaku yake

Michael Faraday alizaliwa mwaka 1791 karibu na London, mtoto wa mhunzi. Shule hakusoma sana. Akiwa na miaka 14 aliwekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu, na kwa miaka saba alivisoma vitabu alivyovishona. Mwaka 1812 alisikiliza mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy, akaiandika, akaijalidi na kumpelekea mwenyewe. Mwaka uliofuata akawa msaidizi wake katika Royal Institution.

Wakati wa utafiti wake ilikwisha kujulikana kwamba mkondo wa umeme hugeuza sindano ya dira. Faraday alitafuta kinyume chake, yaani sumaku izae umeme, na kwa miaka kadhaa hakupata kitu. Tarehe 17 Oktoba 1831 aliisukuma sumaku kwa ghafla ndani ya koili ya waya wa shaba iliyounganishwa na galvanomita. Sindano ikaruka. Sumaku ilipotulia, ikarudi mahali pake. Alipoichomoa, ikaruka upande wa pili. Kumbe haitoshi sumaku iwepo: sharti isogee.

Hisabati ya juu hakuwa nayo. Alikuwa na maneno. Alisema kuwa sumaku imezungukwa na mistari ya nguvu, na waya unapoikata mistari hiyo, mkondo huzaliwa. Wanahisabati wengi waliona hayo ni picha tu. James Clerk Maxwell, kijana wa kizazi kilichofuata, aliyachukua kwa uzito na kuyaandika kwa milinganyo. Faraday alifariki mwaka 1867.