Borelli na Mgongo Wangu

Mwaka wa pili, muhula wa kwanza, nilikaa siku tisa siwezi kufunga kamba za viatu vyangu mwenyewe. Sikugongwa na bodaboda wala sikudondoka ngazini. Nilinyanyua chuma tu, tena chuma chenyewe hakikuwa cha kutisha.

Nilikuwa nimeanza kupiga tizi kwenye kijimu cha nyuma ya hosteli, kile chenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Jamaa mmoja mwenye kifua kama mlango alinihakikishia kwamba siri ni moja: ongeza uzito, maumivu ni dawa. Nikaongeza. Nikainama mgongo umepinda kama upinde, mzigo uko mbele ya miguu, nikavuta. Kitu kikalia ta! kiunoni. Basi, kuanzia hapo nikawa mtu wa kugeuzwa kitandani.

Rafiki yangu anayesomea fiziotherapia aliniletea daftari lake niliangalie nisichoke na dari. Humo nikakutana na jina la Giovanni Alfonso Borelli, limeandikwa mstari mmoja tu: baba wa biomekanika. Nilipopata nafuu nikamfuata maktaba. Wanachuo wenzangu, naomba niwasimulie habari za huyu mzee, maana laiti ningemjua mapema ningeokoa mgongo.

Borelli alizaliwa Napoli tarehe 28 Januari 1608, wakati mji huo uko chini ya Hispania. Baba yake alikuwa askari wa Kihispania. Kijana akaenda Roma kusoma hisabati kwa Benedetto Castelli, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa Galileo. Kwa hiyo kielimu tunaweza kumwita mjukuu wa Galileo. Shikeni hilo: alikuwa mtu wa hesabu, si daktari.

Alifundisha hisabati Messina, kisiwani Sicilia, na homa kali ilipokisumbua kisiwa hicho akaandika kitabu juu yake, kilichotoka mwaka 1649. Mwaka 1656 akahamia Chuo Kikuu cha Pisa. Huko akakutana na daktari kijana, Marcello Malpighi, na nyumbani kwa Borelli wakawa wanapasua wanyama na kuchunguza viungo. Mmoja alijua hesabu, mwingine alijua mwili. Baadaye urafiki wao uliharibika, maana Borelli hakuwa mtu mwepesi kuishi naye, lakini kila mmoja alikwisha kumfaidi mwenzake.

Sasa twende kwenye kiini. Kabla yake wasomi wengi waliamini kwamba misuli inatumia nguvu kidogo kuinua mzigo mkubwa, kama mtu anayebingirisha jiwe kwa mtaimbo. Borelli alipima mifupa na sehemu kano zinaposhikia, akaona mambo ni kinyume kabisa. Mwili ni nyenzo, ndiyo, ila karibu kila mahali msuli umeshika jirani na kiungo, na mzigo uko mbali. Chukua mkono wako. Msuli wa mbele wa mkono unashika kama sentimita 5 kutoka kwenye kiwiko, na kiganja kipo kama sentimita 35. Ukishika kilo 10 huku kiwiko kimekunjwa pembe mraba, msuli unavuta sawa na kilo 70, kabla hatujahesabu uzito wa mkono wenyewe. Faida yake ni mwendo: msuli ukijikunja kidogo tu, kiganja kinasafiri mbali. Gharama yake inalipwa na kano na kiungo.

Hesabu iliyonikaa rohoni ni ile ya kuli. Borelli alimchukua mpagazi aliyeinama na mzigo wa ratili 120 shingoni, akapiga hesabu ya nguvu inayobebwa na misuli ya mgongo na pingili zake, akapata nguvu inayoushinda mzigo wenyewe mara nyingi sana. Nilisoma ukurasa ule nikajishika kiuno. Yaani mimi nilidhani nimebeba lile kopo tu!

Alitafuta pia kitovu cha uzito wa mtu kwa kumlaza juu ya ubao uliowekwa kwenye ukingo mwembamba, akausogeza mpaka ukatulia kama mizani. Aliandika juu ya kutembea, kukimbia, kuruka na kuogelea. Akaonyesha kwamba binadamu hawezi kuruka kwa kupiga mabawa ya kufunga mikononi, kwa sababu misuli ya kifua chetu ni midogo mno ukilinganisha na ya ndege.

Alikosea pia. Alidhani msuli unajikunja kwa sababu majimaji ya neva yanakutana na damu, yanachachuka na kuuvimbisha. Sivyo. Lakini hesabu yake ya nyenzo imesimama mpaka leo.

Mwisho wake unasikitisha. Alirudi Messina, akaingia kwenye mambo ya siasa dhidi ya utawala wa Hispania, akalazimika kukimbilia Roma. Huko alifadhiliwa na Christina, aliyekuwa malkia wa Sweden. Uzeeni mtumishi wake akamwibia vyote, akapokewa na watawa waliokuwa na shule ya watoto maskini, akawa anafundisha hisabati. Alifariki tarehe 31 Desemba 1679. Kitabu chake kikubwa juu ya mwendo wa viumbe kilichapwa mwaka 1680 na 1681. Hakukiona.

Mimi nilirudi kwenye kijimu baada ya miezi miwili, nimeshika mpini wa fagio. Walicheka, wakachoka. Nikajifunza kukunja nyonga badala ya mgongo na kuacha mzigo upite karibu na miguu, maana uzito uleule ukisogea mbele unakuwa mzigo mwingine kabisa kiunoni. Nikaacha pia kumuiga jamaa yangu wa chumbani anapochuchumaa. Yeye ana mapaja mafupi, mimi marefu, hivyo lazima nielekee mbele zaidi ili kitovu cha uzito kibaki juu ya nyayo. Si kwamba mimi ni mbovu, ni nyenzo zetu hazilingani.

Leo nanyanyua zaidi ya siku ile niliyoumia. Yule mwenye kifua kama mlango bado anawaambia wageni waongeze uzito. Wakimaliza kumsikiliza nawaita pembeni, nawakabidhi mpini wa fagio kwanza.