Festo Kivengere: Mwalimu Aliyekutwa Njiani na Baiskeli Yake

Mchungaji ameniomba nijaze ukurasa huu wa maisha ya watu wa imani, akasema nichague nimtakaye, mradi nimwandike mtu ambaye amenisaidia kweli. Nimemchagua Askofu Festo Kivengere wa Uganda. Sikuwahi kumwona. Alifariki hapa kwetu, Nairobi, tarehe 18 Mei 1988, mimi nikiwa mtoto wa darasa la tatu huko Mutomo. Wengi wenu mnamkumbuka kwa mambo ya Idi Amin. Mimi namkumbuka kwa sababu ya pombe.

Alizaliwa Rukungiri, kusini magharibi mwa Uganda, katika jamii ya wafugaji. Alichunga ng'ombe kama watoto wengine wa kwao, akasoma, akaendelea hadi chuo cha Mukono, akarudi nyumbani akiwa mwalimu. Hebu mfikirie: kijana wa miaka ishirini na kitu, ana mshahara, ana baiskeli, anavaa vizuri, na kijiji kizima kinamwita mwalimu. Dini aliyofundishwa utotoni alikuwa ameiweka kando. Alikuwa na marafiki, na marafiki walikuwa na pombe. Hakuwa mlevi wa kulala mtaroni. Alikuwa yule mlevi ambaye jamii humvumilia kwa sababu Jumatatu anaonekana kazini. Hao nawajua, maana nilikuwa mmoja wao kwa miaka mingi kabla ya kushuka hadi mtaroni.

Alirudi nyumbani wakati mbaya kwa mtu anayetaka kunywa kwa amani. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulikuwa umevuka mpaka. Mwaka 1935 watumishi kutoka Gahini walifanya mkutano mkubwa Kabale, na tangu hapo Kigezi haikutulia. Watu walilia kanisani, wakarudisha mbuzi walioiba, wakalipa madeni ambayo mwenye deni alikwisha kusahau. Ule wimbo wa Tukutendereza tunaouimba mpaka leo huku Ukambani ulisambaa pamoja na hao ndugu. Festo aliwaona ni wasumbufu. Aliyemsumbua zaidi alikuwa mpwa wake, msichana mdogo aliyeokoka, ambaye siku moja alisimama mbele ya watu akasema Bwana amemwonyesha kwamba mjomba wake ataokoka. Mjomba mwenyewe alikuwa pale pale anasikia. Alikasirika, akatoka, akaenda kunywa.

Ilikuwa Jumapili, mwaka 1941. Jioni hiyo akirudi nyumbani kwa baiskeli, pombe ikiwa bado kichwani, alimwona rafiki yake, mwalimu mwenzake, akija mbio kwa baiskeli yake. Walikuwa wamekunywa pamoja mara nyingi. Rafiki akasimama, akamwambia kwamba saa chache zilizopita amekutana na Yesu, kisha akaanza kumwomba msamaha kwa mambo waliyoyafanya wakiwa pamoja. Aliyataja moja moja. Halafu akapanda baiskeli akaenda zake, akamwacha Festo amesimama barabarani hana jibu. Festo alifika nyumbani, akapiga magoti chumbani, na hapo akamwona Kristo msalabani kwa namna ambayo aliisimulia maisha yake yote.

Wahubiri wengi hukatia hadithi hapo. Kweli ni pahali patamu pa kukatia. Lakini kwangu mimi hadithi inaanzia pale.

Mnakumbuka Mei 2014. Pombe yenye methanoli iliua watu katika kaunti kadhaa, Kitui na Makueni zikiwemo, na wengine walionusurika walipofuka. Wiki hiyo nilikuwa Wote, fundi wa mawe asiye na kazi, na kilichoniokoa si busara. Sikuwa na pesa. Nilienda mazishi ya watu ambao ningekunywa nao. Jumapili iliyofuata nilikuwa madhabahuni nikilia. Niliwekewa mikono, nikaanguka chini, nikaamka mwepesi kama unyoya. Sikatai kwamba Mungu alinigusa siku ile. Nilipewa kipaza sauti, nikasema kiu imeisha kabisa, sitaonja tena, na kanisa likapiga makofi.

Wiki sita baadaye kiu ilirudi. Sasa nimwambie nani? Nimeshashuhudia! Mtu aliyetangaza kwamba amepona hana mlango wa kuingilia akiugua tena. Nilianza kunywa usiku, nikitafuna muguka asubuhi ili nionekane macho, na Jumapili nilikuwa nainua mikono na kwaya. Mama watoto alijua. Alinyamaza kwa sababu ya aibu yangu, na mimi nikakosana naye kwa sababu amenyamaza. Kisha zikaja kampeni za 2017 na pombe ya bure kila soko, nami nikaacha hata kujificha.

Kijitabu kuhusu Festo nilipewa mwaka huo huo na mzee mmoja wa uamsho, mtu wa kanisa lingine kabisa. Nilikuwa nimelazwa hospitali, maana nilijaribu kuacha ghafla peke yangu nikatetemeka mpaka nikapata kifafa. (Hili niliseme wazi kwa wenye wagonjwa nyumbani: mtu aliyekunywa sana kwa miaka, akiacha mara moja na kuanza kutetemeka, kutapika au kuona vitu visivyokuwepo, apelekwe hospitali. Anaweza kufa. Muombeeni mkiwa njiani.) Kijitabu kilinionyesha Festo alifanya nini baada ya kupiga magoti.

Alianza kuzunguka. Alikuwa na orodha ya watu. Maarufu zaidi kati yao ni mzungu mmoja, Mwingereza, ambaye Festo alikuwa amemchukia waziwazi. Uganda ilikuwa chini ya ukoloni, na chuki yake haikukosa sababu, lakini Roho hakumpa nafasi ya kuhesabu makosa ya yule mwingine. Festo alipanda ile baiskeli yake akasafiri maili 50, na zile ni nchi za milima, kwenda kumwambia mtu huyo kwamba alimchukia na kumwomba msamaha. Wakaishia kulia wote wawili.

Halafu kuna jambo ambalo halisimuliwi sana kwa kuwa halina msisimko. Aliingia katika ushirika wa ndugu, na hakutoka. Wale watu wa uamsho walikutana kila wiki, na katikati ya nyimbo na Neno walikuwa wanaambiana ukweli wa wiki hiyo. Si dhambi za mwaka wa kuokoka. Za juzi: nimemdanganya mwalimu mkuu, nimemtamani mke wa mtu, nimepita karibu na kilabu nikapunguza mwendo. Waliita jambo hilo kutembea nuruni. Ndiyo Yakobo 5:16, wakiichukua kama ilivyoandikwa. Kwao kusema umejikwaa haikuwa kufuta wokovu wako. Ilikuwa ndiyo kazi ya ushirika wenyewe.

Hata nyumbani kwake ilikuwa hivyo. Alimwoa Mera mwaka 1943, na yapo masimulizi aliyoyapenda kuyatoa mwenyewe, kwamba siku moja waligombana, naye akataka kutoka kwenda kuhubiri. Moyoni akasikia wazi kwamba arudi kwanza akamwombe mkewe msamaha, la sivyo aende kuhubiri peke yake, bila Roho. Akarudi jikoni. Mtu anayejua kurudi jikoni hakai na jambo hadi limpeleke kilabuni. Mimi jikoni ndiko nilikoshindwa mara nyingi zaidi kuliko barabarani.

Nilipokuwa nasoma hayo nilikumbuka nilivyosikia kuhusu Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha. Vilianzia Marekani mwaka ule ule wa mkutano wa Kabale, 1935, katika mji wa Akron, Ohio, walipokutana muuza hisa aliyeshindwa na pombe, Bill Wilson, na daktari mpasuaji aliyeshindwa vile vile, Bob Smith. Wanahesabu tarehe 10 Juni kuwa siku yao ya kuzaliwa. Wote wawili walikuwa wamepitia ushirika wa Kikristo uliofundisha kukiri makosa kwa mwenzako na kwenda kurekebisha ulichoharibu. Kabale na Akron hawakupigiana simu. Lakini mlevi wa Ohio na mwalimu wa Rukungiri walipelekwa katika njia moja: sema ukweli kwa mtu, rudi ulikokosea, na kesho fanya tena.

Maisha ya Festo yaliyofuata mnayajua, nitayapita haraka. Yeye na Mera walienda Dodoma mwaka 1946 wakafundisha huko miaka kumi na zaidi, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa kizuri kiasi kwamba Billy Graham alipokuja Afrika Mashariki mwaka 1960 alikuwa mkalimani wake. Akasoma theolojia Pittsburgh, Marekani, na Desemba 1972 akawekwa kuwa askofu wa Kigezi. Idi Amin alikuwa tayari madarakani.

Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Festo alikuwa miongoni mwa maaskofu waliokuwa naye Kampala siku ile, na akaambiwa kwamba anafuata yeye. Usiku yeye na Mera walivuka milima kwa miguu wakaingia Rwanda.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo ninapomwogopa na kumpenda mtu huyu. Alikuwa na miaka 36 katika wokovu. Askofu, mhubiri wa mataifa. Na alipokuwa uhamishoni aligundua kwamba moyo wake umejaa chuki juu ya Amin, chuki iliyokuwa ikimkausha na kumwondolea maombi. Alikuwa ameketi kanisani London, Ijumaa Kuu ya mwaka huo, katika kanisa la All Souls, akitafakari msalaba na msamaha ulioombwa pale kwa wale askari wenye nyundo. Aliona kwamba hawezi kumnyima Amin msamaha huo. Akatubu. Mwaka huo huo akatoa kitabu akisema anampenda Idi Amin, na watu wengi wa Uganda walimwona amerukwa na akili.

Ninyi mliowahi kunywa mnaelewa kwa nini nimekaa hapo. Kinachomrudisha mtu kwenye chupa mara nyingi si harufu ya chang'aa. Ni kinyongo. Mtu anakaa na kosa alilotendewa, la kweli kabisa, analigeuza usiku kucha kama nyama kwenye makaa, na ikifika saa nane anaona ana haki ya kunywa. Festo hakusema Amin hana hatia. Alisema tu kwamba hawezi kubeba chuki hiyo na kubaki hai ndani. Na alilisema kwa watu, kwa sauti, kama alivyozoea tangu zile wiki za Rukungiri. Kama angesema miaka 36 inatosha, mimi sasa nimekomaa, nani angejua?

Sasa nimalizie na langu. Nami nilikuwa na orodha, na jina la kwanza lilikuwa la mama mmoja mjane kule Mutomo. Mwaka 2013 alinipa pesa za kuanza kumjengea tangi la maji ya mvua. Alikuwa ameuza mbuzi. Nilichimba msingi, nikaweka mistari miwili ya mawe, nikanywa zilizobaki. Miaka minne mama yule alikuwa akiteka maji mbali na ule msingi wangu ukiwa mlangoni pake, unaota nyasi.

Nilienda Oktoba 2017. Sikuwa na baiskeli, nilipanda matatu hadi mahali, nikatembea. Ndugu wawili wa ushirika wetu mdogo wa Jumatano walinichangia simiti, mmoja akaja naye kunishikia kamba. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya toba. Nilipofika nikasema tu, Mwaitu, ni mimi yule fundi, nilikunywa pesa zako. Aliniangalia kwa muda mrefu. Hakusema amenisamehe, na mpaka leo hajasema. Aliniuliza kama mchanga wa kule mtoni utafaa au aitishe mwingine.

Tulifanya kazi siku kumi na mbili. Siku ya tano kiu ilinijia vibaya sana, mchana, nikiwa ndani ya tangi napiga plasta, na soko haliko mbali. Nilimwambia yule ndugu. Hakuniwekea mikono. Alishuka ndani ya tangi na mwiko wake, tukapiga plasta wote wawili mpaka jua likazama, akinisimulia habari za ng'ombe wake mmoja asiyetaka kukamuliwa. Mvua za Novemba zilipoanza tulikuwa tumeshafunga mfereji, na mama alimtuma mjukuu wake anipigie simu kuniambia kwamba unavuja kidogo pale chini, nirudi kuutazama.