Padre Antoine Horner na Watoto Waliotangulia Mhonda

Tunapotaja asili ya Kanisa katika Jimbo letu la Morogoro, huwa twaanza na Bagamoyo, kisha twaruka hadi kwenye majengo ya misioni tunayoyaona leo. Katikati tumewasahau watoto walionunuliwa sokoni Zanzibar, wakalelewa kwa fedha za watu wasiowafahamu, na baadaye, wakiwa mume na mke, wakapanda milima ya Nguru kuianzisha Mhonda. Aliyewalea ni Padre Antoine Horner wa Shirika la Roho Mtakatifu. Twayasimulia maisha yake kwa ajili ya kila parokia inayotafuta wafadhili wa kuwasomesha yatima na watoto wa maskini.

Alizaliwa mwaka 1827 huko Alsace, Ufaransa. Baada ya upadrisho alitumwa katika kisiwa cha Réunion, na huko aliwahudumia wakoma. Mwaka 1863 alifika Zanzibar kuiendeleza misioni ambayo Padre Armand Fava na wenzake, pamoja na masista kutoka Réunion, walikuwa wameianza mwaka 1860. Biashara ya watumwa ilikuwa bado halali kisiwani. Wamisionari walikwenda sokoni kama wanunuzi wengine, na mara nyingi walirudi na wagonjwa na wadogo, maana hao ndio waliouzwa kwa bei nafuu.

Fedha zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwa watoto wenzao. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy alikuwa ameanzisha Shirika la Utoto Mtakatifu, lile lile ambalo watoto wa parokia zetu ni wanachama wake. Kila mtoto aliombwa kusali Salamu Maria moja kwa siku na kutoa sarafu moja ndogo kwa mwezi. Kwa sarafu hizo, mtoto wa Kifaransa alimsomesha mtoto wa Kiyao au wa Kizigua ambaye asingemwona kamwe.

Hapa hatuna budi kusema ukweli wote. Kununua mtoto kulimkomboa yeye, lakini pia kulimlipa aliyemwiba. Tena wengi walioitwa yatima hawakuwa wamefiwa: wazazi wao walikuwa hai bara, wakiomboleza bila kaburi. Waliokombolewa hawakuulizwa kama wanataka kurudi, na hata wangeulizwa, njia ya kurudi ilikuwa mikononi mwa wawindaji wale wale. Tunamheshimu Padre Horner pasipo kulificha jambo hilo.

Mwaka 1868 alivusha kazi hiyo mpaka Bagamoyo, penye ardhi ya kutosha. Tunaona kwamba hapo ndipo hekima yake ilipoonekana zaidi. Hakutaka kuwalisha tu na kuwafundisha sala. Mtoto alijifunza katekisimu, kusoma na kuandika, kisha akaenda shambani au karakanani: useremala, uhunzi, ushonaji. Nidhamu ilikuwa kali, pengine kali mno kwa watoto waliokwisha kuteswa. Lakini nia ilikuwa kwamba kijana akifunga ndoa apewe nyumba na shamba katika kijiji cha Kikristo, asiwe mtumishi wa mtu. Ufadhili wetu wa leo mara nyingi hukoma mtoto anapomaliza darasa, wakati ambapo anauhitaji zaidi. Yeye aliuhesabu mpaka mlango wa nyumba ya huyo mtoto.

Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliibomoa misioni. Walijenga upya. Mwaka uliofuata soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa, na tangu hapo wengi wa watoto wapya walitoka katika majahazi yaliyokamatwa na manowari za Kiingereza. Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza na tena Mwanglikana, aliitembelea Bagamoyo mwaka huo na kuisifu.

Macho ya Padre Horner yalikuwa bara tayari. Mwaka 1870 alisafiri hadi Ukami, chini ya milima ya Uluguru, akitafuta mahali pa kufungua misioni. Ilimchukua miaka saba. Mwaka 1877 ilianzishwa Mhonda, na pamoja na mapadre walikwenda wanandoa Wakristo waliolelewa Bagamoyo. Wenyeji wa Nguru waliuona Ukristo kwanza katika kaya hizo: baba alimaye na mkewe, wakisali pamoja jioni. Si wote waliodumu. Wapo waliochoka kutawaliwa na mapadre wakaondoka, na hatuoni sababu ya kuwahukumu. Mtu aliyeuzwa utotoni huupenda uhuru kwa namna yake.

Afya ya Padre Horner ilikuwa imekwisha kuvunjika. Alirudi Ufaransa, akafariki Cannes mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 52. Hakuiona misioni ya Morogoro iliyofunguliwa mwaka 1882, wala ya Tununguo, mashariki ya Uluguru, mwaka 1884. Majina ya wafadhili wake hatunayo. Wale waliokwenda Mhonda walizaa, wakabatiza watoto wao, na wakazikwa katika ardhi ya Nguru.