Mama Alice Harris na kioo cha apareyi yake

Sisi wote tunapenda kupigwa foto, siku ya ubatizo, siku ya ndoa, siku ya kupokea diplome. Lakini wengi hatujui kama kioo kidogo cha apareyi kilifanya zamani kazi nyingine hapa kwetu Kongo, kazi ambayo hakukuwa mtu wa kuifikiria.

Alice Seeley alizaliwa Uingereza mwaka wa 1870. Mwaka wa 1898 aliolewa na John Harris, na siku chache tu nyuma ya ndoa wakapanda meli kuja Kongo, katika misioni ya Balolo. Walikaa Baringa, na Mama Alice akafundisha watoto. Misionere wa siku zile walizoea kupiga picha za shule na kanisa kwa kuonyesha ndugu zao wa Ulaya. Yeye pia alikuwa na apareyi.

Wakati ule nchi yetu ilikuwa mali ya mfalme Leopold II. Askari wa kampuni ya ABIR walilazimisha watu kuleta mpira wa porini. Kijiji kikikosa kutimiza kiasi, watu wanapigwa, wengine wanauawa. Misionere waliandika barua juu ya mambo haya, lakini watu wa mfalme walisema ni uongo mtupu.

Tarehe 14 mwezi wa tano 1904, baba mmoja wa kijiji cha Wala, jina lake Nsala, alifika misioni na kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa mkono na mguu wa Boali, binti yake mdogo wa miaka kama mitano. Mama Alice alimwomba akae kwenye baraza, na vile viungo mbele yake. Nsala akakubali. Ndipo akapiga ile foto.

Kisha akatumia kioo kingine, kile cha taa ya kuonyesha picha ukutani. Kioo cha apareyi kinaingiza nuru, cha taa kinaitoa. Uingereza, na tena Marekani mwaka wa 1906, watu waliketi gizani wakamwona Nsala kama yuko mbele yao. Kusema ni uongo kukawa kugumu.

Lakini foto peke yake haikutosha. Tume ya uchunguzi ilipofika Baringa mwisho wa 1904, chifu Lontulu aliweka mbele yao vijiti 110, kijiti kimoja kwa kila mtu wake aliyeuawa. Mwaka wa 1908 Leopold aliachishwa Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji. Taabu hazikuisha siku ile, lakini utawala wake ulikwisha.

Mama Alice alikufa mwaka wa 1970, na miaka 100.

Musa naye alikuwa na fimbo ya kuchungia kondoo tu. Basi, tuangalie kitu kilicho mkononi mwetu, hata kama ni kalamu. Na tukitaja jina la Mama Alice, tusisahau la Nsala, aliyekubali kukaa, na la mtoto Boali.