Mzee Kenyatta Baina ya Kanisa na Mila

Kila nipitapo Ruiru kuelekea Thika, humkumbuka kijana aliyekuwa akiishika njia hiyo na mishahara ya watu. Jina lake lilikuwa Johnstone Kamau. Alibatizwa mwaka 1914 katika misheni ya Waskoti huko Thogoto, kisha akaajiriwa Thika na kampuni ya uhandisi ya John Cook. Yeye ndiye aliyetumwa benki Nairobi, kiasi cha kilomita 40, kuleta fedha za wafanyakazi. Baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Jomo Kenyatta.

Mwaka 1919 alimwoa Grace Wahu kwa mila ya Kikuyu. Kwa jamaa zao, ndoa ilikwisha timia. Wazee wa kanisa hawakuridhika. Walimtaka aende akaoe mbele ya hakimu wa Kizungu. Alikawia hadi Novemba 1922, ilhali mwana wao, Peter Muigai, alizaliwa tangu 1920.

Kanisa lilishikilia mume mmoja na mke mmoja. Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, aliieleza mitala ya Wakikuyu kuwa ni desturi yenye taratibu: kila mke na nyumba yake na shamba lake, na mume asipendelee. Mimi niliyelelewa chuoni nayajua masharti ya uadilifu baina ya wake, na najua yalivyo mazito.

Je, mwenyewe aliyatimiza? Mwaka 1931 alikwenda Uingereza asirudi hadi 1946, Wahu akabaki na watoto wawili. Huko, mwaka 1942, alimwoa Edna Clarke, naye pia akamwacha na mtoto. Aliporejea alimwoa Grace Wanjiku, binti Chifu Koinange, aliyefariki kwa uzazi mwaka 1950. Mwaka 1951 akamwoa Ngina, binti Chifu Muhoho.

Mzee alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Mwaka 2014 Rais Uhuru, mwana wa Mama Ngina, alitia sahihi sheria inayokubali mitala katika ndoa za mila na za Kiislamu, na kuiacha ya Kikristo kuwa ya mke mmoja. Viongozi wa makanisa walilalamika. Wabunge wanawake nao walikuwa wametoka nje ya Bunge kwa hasira, kwani sharti la kumshauri mke wa kwanza lilifutwa.

Waama, wazee wa kanisa walidai hakimu, na mila ilidai uadilifu. Kwangu mimi, ndoa ya mke mmoja au ya wanne hupimwa kwa hali ya yule aliyeachwa nyumbani akingoja.