Speke aliyepima kimo cha ziwa kwa maji ya moto

MZUNGU aliyeliita Nam Lolwe kwa jina la Victoria hakuwahi kufika Kisumu. John Hanning Speke, mwanajeshi Mwingereza aliyezaliwa 1827, aliliona ziwa hilo karibu na Mwanza, Agosti 3, 1858.

Alichemsha maji, akatia kipimajoto. Kadiri mtu apandavyo, hewa huwa nyepesi, mgandamizo wake hupungua, na maji huchemka mapema. Kisumu huchemka kwa takriban nyuzi 96 tu za Selisiasi. Alipata futi 3,740, karibu sana na kimo halisi. (Ziwa Tanganyika alilikosea kwa mamia ya futi!) Kwa kimo hicho alishikilia kwamba mto Nile huanzia hapa.

Richard Burton, mwenzake wa safari, alipinga. Septemba 15, 1864, siku moja kabla ya mdahalo wao, Speke aliuawa na risasi ya bunduki yake mwenyewe. Stanley alilizunguka ziwa mwaka 1875, ikabainika marehemu alisema kweli.